Dkt. Generosa Masalu na Bakteria wa Tope la Nyarugusu

Marehemu Dkt. Generosa Masalu alizaliwa Ushetu tarehe 14 Machi 1986, binti wa pili wa marehemu mzee Masalu, mkulima wa tumbaku, na Mama Paskazia. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Shinyanga mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikotunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2017.

Kazi yake ilikuwa tope. Huko Nyarugusu, kwenye bwawa la bwana Donatus, ambako mchanga wa dhahabu huoshwa kwa sayanaidi, alipata bakteria wanaoishi bila hewa na kuila sumu ile. Aliisoma jenomu yao yote, yaani maandishi ya urithi wao, herufi kwa herufi, akazijua jeni zinazoivunja sumu. Alitaka jambo moja tu: awazalishe, wayasafishe maji yanayovujia kisima cha jirani. Watu wanakunywa maji ya kisima hicho mpaka leo.

Mwaka 2015 alifunga ndoa na Edward, seremala wa Kambarage. Maabara haikuwa na nafasi, hivyo chupa za tope alizihifadhi nyumbani, zimezibwa kabisa. Figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2023, Mama Paskazia alikuja kumuuguza. Aliposikia kuwa chupani mna viumbe hai, alizifungua zote.

"Hata boksi la vifaranga tunalitoboa, mwanangu," alisema. "Hawa ulitaka wafe?"

Hewa ndiyo iliyowaua. Generosa alicheka mpaka akashika mbavu, wala hakumlaumu mama yake hata siku moja. Tope lilikuwepo bado bwawani. Donatus alikuwa amemwahidi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba kona ya bwawa alikolichota haitaguswa.

Februari 2025, akitoka Mwanza kusafishwa damu, aliomba apitishwe Nyarugusu. Kona ilikuwa imechimbwa yote, tope limerudishwa kwenye sayanaidi kutafutwa dhahabu iliyosalia.

"Dokta, nilisikia unaumwa," Donatus alimwambia. "Nikajua hutarudi tena."

 Garini alimwambia Edward, "Nimebaki na maandishi yao tu." Alifariki tarehe 9 Juni, na inatuuma.

Ameacha mume, binti yao Wema, Mama Paskazia na ndugu. Ameacha pia jenomu kamili ya bakteria ambao hakuna tena anayejua pa kuwapata. Mama, si kwa sababu ya chupa ulizofungua.

Waombolezaji, maji ya chupa mnayokunywa yaliletwa jana na bwana Donatus. Anajua mwenyewe kwa nini hakuleta ya kisimani Nyarugusu.

Generosa, lala kwa amani.