Njia ya Jeneza

Kwenye pantoni ya Kigamboni, mwaka tisini na tatu, mpimaji wa ardhi alimkunjulia ramani mama aliyeketi kati yake na mie. "Hapa tutajenga mji mpya, mama, wenye barabara."

"Kwetu zipo, mwanangu. Kila mwenye nyumba alirudisha ua wake nyuma mpaka jeneza likapita na wabebaji wake bila kugusa makuti ya mtu. Hatukumngoja mtu."

"Mji haupimwi kwa jeneza. Gari la zimamoto je?"

"Hilo hatujaliona. Jeneza tunalijua."

Mpimaji akacheka. Mie sikucheka, maana kwetu Temeke tulishawahi kukwama na jeneza uchochoroni.

"Mtaa wenu uko wapi humu?" mpimaji akamuuliza.

Mama akaweka kidole palipoandikwa pori. "Hapa. Nyumba mia mbili."

Pantoni ikagusa nchi kavu, watu wakainuka. Kidole chake kilikuwa bado palepale.