Haraka ya Nini?

Basi lilipoingia jimbo la Kansas, Marlys aliacha kujifanya anasoma gazeti. Kwenye kiti cha mbele yake, dada mmoja aitwaye Renee alikuwa akimweleza jirani yake, mzee aliyestaafu udereva wa malori, kwamba anarudi kortini kwa kosa la mwendo kasi. Alikamatwa huko huko Kansas, siku aliyokuwa anahamia Colorado na baba yake.

"Binti yangu, ukishahama jimbo unalipa faini kwa posta, yanaisha," alisema mzee. "Au mtume wakili akuombee nafuu. Mimi nimekamatwa majimbo tisa, sikurudi hata moja." Alivyoyataja, ungedhani ni medali.

"Kosa nilifanya, mzee wangu. Sibishi."

"Sasa unafuata nini huko? Kumwamkia hakimu?"

Renee alicheka kidogo. "Askari aliniuliza, haraka ya nini? Nikamjibu, hakuna. Baba alikuwa pembeni yangu anasikiliza. Alitamani sana kuiona milima, na daktari alikuwa ameniambia mimi peke yangu kwamba hana siku nyingi."

"Aliiona?"

"Tulifika giza limeshaingia. Asubuhi hakuamka."

"Hakimu hatakufutia kosa kwa hilo."

"Sitaki anifutie. Yule askari atakuwepo kutoa ushahidi, nataka kumjibu lile swali lake."

"Si umeshanijibu mimi? Geuza urudi nyumbani, mwanangu."

"Wewe siye uliyeniuliza."

Basi likasimama. Mzee bado alikuwa anambishia, huku akimbebea begi mpaka mlangoni.