Mibuni ya Mzee Eliezeri

Mwaka 1976, Marta alipanda basi Tukuyu akitaka kulala hadi Uyole, anakoshukia. Mbele yake alikaa Mzee Eliezeri, aliyekwisha kujitambulisha kwa basi zima, akipunga tawi la kahawa.

"Bwana shamba wa Mbeya anasema ni ugonjwa, ning'oe mibuni yote. Mimi nasema ni wadudu. Ananicheka!"

"Tuangalie, baba," alisema binti aliyekaa kando ya mzee, akitoa kamera yenye lenzi kuukuu ya kupigia picha vitu vidogo.

Mzee akaielekeza kwenye tawi, akachungulia. "Mbona ukungu mtupu? Imekufa hii!"

"Haijafa. Usizungushe kitu. Sogea mwenyewe mbele, nyuma, taratibu."

Mzee akayumba kama anayesinzia kanisani. Ghafla akapiga yowe. "Wamejaa! Mpaka miguu naiona! Nilisema mimi! Ndaga, mwanangu, ndaga!" alishukuru kwa Kinyakyusa.

Marta alipiga makofi, naye si mtu wa makofi.

"Haya, nipe kamera, baba," alisema binti. "Nashuka Uyole, nawahi basi la Iringa."

"Unashukaje? Twende Mbeya, bwana shamba hajachungulia!"

"Nina kazi, baba."

"Na mimi nina mibuni!"

Basi likasimama, kondakta akaita Uyole. Mzee alikuwa bado ameikumbatia kamera, na Marta, mwenye watoto wanaosubiri chakula palepale Uyole, hakuinuka, akingoja kuona mwisho wake.