Bi. Ollerenshaw na Amri ya Hatua Fupi Fupi

Ijumaa hii, tarehe 18 Julai, Bi. Glenys Ollerenshaw anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwavusha watoto barabara mbele ya Shule ya Msingi Thornbeck. Amechakaza makoti kadhaa ya njano na vibao kadhaa vya kusimamishia magari, lakini kitenzi chake cha kazi kimebaki kimoja tu: "scurry".

Kwa wasiolijua vizuri, neno hilo maana yake ni kwenda haraka kwa hatua fupi fupi, kichwa kimeinama, kama panya aliyewashiwa taa jikoni. Mwanariadha hafanyi hivyo, wala farasi, hata umchape. Wafanyao hivyo ni mende, kuku, na karani aliyechelewa kazini. Kila asubuhi, nikiwa jikoni mwa shule namenya viazi vya chakula cha watoto, nilimsikia akipaza sauti: "Haya vipenzi vyangu, scurry! Scurry!"

Hakubagua mtu. Aliwaambia wazazi, tarishi, kasisi, na mara moja bata na vifaranga wake, ambao ndio pekee waliotii barabara.

Ndipo akatokea Diwani Crispin Wadsworth, bwana mwenye kifua mbele na mwendo wa kusindikiza jeneza. Alipopewa amri ile ile, akasimama katikati ya barabara.

"Mama, hilo neno ni la panya. Mimi ni diwani!"

"Sawa mheshimiwa, ila lile lori halijui."

Diwani akashtaki. Halmashauri ikamwita Bi. Glenys: ama aache kitenzi, ama aache kibao. Siku hiyo alikuja jikoni kwangu akalia mpaka chai ikapoa. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilikasirika pia. Nikamshauri aseme "haraka" kama watu wengine, yaishe.

"Nikisema haraka wanatimua mbio, wakitimua mbio wanaanguka," akanijibu, akipenga kamasi. "Nikisema scurry wanacheka, wanachezesha vimiguu, wanafika wazima. Sasa niache lipi, shoga yangu?"

Shauri lilisikilizwa katika ofisi iliyo mkabala na shule. Wajumbe, Diwani Wadsworth akiwa miongoni mwao, walibishana mchana kutwa. Mmoja alisema neno si tusi, mwingine akaleta kamusi nene kama tofali, wa tatu akauliza kama kuna biskuti. Hawakuafikiana. Wakaahirisha, wakatoka kwenda kwenye magari yao ng'ambo ya barabara, na mvua ya kwetu huku, ambayo haiahirishwi, ikawapokea mlangoni. Hakuna aliyekuwa na mwavuli.

Ilikuwa saa ya watoto kutoka. Bi. Glenys, akiwa kazini kwake, akainua kibao na magari yakasimama. Safari hii alifunga mdomo kabisa. Wajumbe wakainamisha vichwa, wakajifunika makaratasi, wakavuka kwa vihatua vidogo vya haraka haraka. Aliyetangulia alikuwa Diwani Wadsworth, koti kichwani, magoti yakirukaruka, mkono mmoja ukiwashukuru madereva kama mtu aliyelelewa vyema. Watoto wote pale kando ya barabara wakapaza sauti kwa pamoja: "Scurry!"

Diwani alifika ng'ambo akitiririka maji. Akageuka, akamtazama Bi. Glenys, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Basi mama," akasema, "nimekamatika." Shauri lilifutwa kabla soksi hazijakauka.

Bi. Glenys, umetuvushia watoto, na sasa unatuvushia watoto wa watoto hao. Hakuna hata mmoja aliyeumia mikononi mwako. Asante ni neno dogo, lakini ndilo tulilo nalo.

Ijumaa kengele ikilia, kibao atakishika Bw. Wadsworth, kwa ombi lake mwenyewe, na atakayevuka ni wewe. Tumekwisha kuwaonya madereva. Tunakutakia siku ndefu, chai ya moto na magoti yasiyouma. Vuka taratibu, dada. Magari yatasubiri.