Mtu Aliyelipwa Kununa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, taasisi yetu inaagana na mtu iliyemwajiri anune. Hayawi hayawi, sasa yamekuwa. Kwenye barua ya ajira cheo chake ni Mtahini Mwandamizi wa Maabara ya Msongo, lakini hakuna anayemwita hivyo. Sisi sote tunamjua kwa jina la Mzee Ndita, jina alilopewa na wapishi wa kantini kwa heshima ya mikunjo mitatu iliyo juu ya nyusi zake. Mikunjo hiyo imeifanyia sayansi kazi kubwa kuliko baadhi ya mashine tulizonunua, na haijawahi kuharibika.

Angeweza kuongezewa mkataba wa miaka miwili. Uongozi ulimwomba, ukambembeleza, hata ukamwahidi kiti kipya. Alikataa kwa sababu ambayo wengi wenu mnaijua: mkewe amemsahau. Amemsahau sura na jina, naye anataka kwenda nyumbani akalishughulikie jambo hilo kwa muda wote alio nao. Kwamba haya yamempata mtumishi wa taasisi inayochunguza kusahau, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyacheka. Mganga hajigangi, alituambia, kisha akaenda kunywa chai.

Kwa wageni wetu, na kwa wenzetu wa uhasibu ambao hupanda ghorofa ya pili wakati wa kuhesabu viti tu, tuieleze kazi yenyewe. Taasisi inataka kujua msongo wa mawazo unaufanya nini ubongo: kwa nini mtu aliyebanwa husahau hata namba ya simu ya nyumbani kwake, na kwa nini akili za waliobanwa miaka mingi hufifia mapema uzeeni. Ili tulijue hilo, lazima kwanza mtu abanwe. Mshiriki, ambaye amekuja kwa hiari yake, maskini, huingizwa katika chumba chenye taa kali, kamera na meza ndefu. Nyuma ya meza wamekaa watu watatu wenye makoti meupe. Huambiwa aeleze kwa nini anastahili kuajiriwa, halafu ahesabu kinyumenyume kuanzia elfu moja ishirini na mbili, akipunguza kumi na tatu kila mara. Watahini hawatikisi kichwa, hawatabasamu, hawamwambii karibu wala pole. Akikosea, yule wa katikati hutamka maneno matatu: Umekosea. Anza upya. Mwishoni mshiriki hutafuna kipande cha pamba, nami ninayeandika wasifu huu hukipokea na mate yake nikapime homoni za msongo. Kila mtu na riziki yake.

Yule wa katikati alikuwa Mzee Ndita.

Sasa, asiyemfahamu atadhani tulimpata gerezani. Ukweli ni kwamba nje ya chumba kile hawezi kumkatalia hata mtu anayeuza soksi za mguu mmoja. Kila mshiriki alipotoka akitetemeka, alikuta biskuti mezani kwangu, na wote walidhani ni ukarimu wa taasisi. Zilitoka kwenye begi la Mzee Ndita. Mimi nilikatazwa kusema, kwa maana washiriki wangeitwa tena, na mtu aliyekulisha biskuti hakutishi vizuri.

Kazi ile ilimfuata mpaka mitaani. Benki, watu walimpisha kwenye foleni bila kuombwa na bila kumtazama usoni. Kuna bwana mmoja, mshiriki wetu wa zamani, aliyepanda naye lifti, milango ikafungwa, yule bwana akaanza kupunguza kumi na tatu kwa sauti. Alishuka ghorofa ya nne, ingawa alikuwa anakwenda ya saba. Mzee Ndita aliumia sana kwa sababu, alisema, bwana yule alikuwa amepata hesabu zote na yeye hakuwa na ruhusa ya kumsifu.

Aliwahi kuugua mafua wiki mbili. Nafasi yake ilishikwa kwa muda na mhasibu mkuu wa wakati huo, ambaye hakuhitaji mafunzo yoyote. Homoni zilipanda kiasi kwamba niliirudia mashine mara tatu nikidhani imeharibika. Takwimu za wiki hizo hazikutumika, kwa sababu za kibinadamu.

Katika miaka yote ishirini na tisa alicheka mara moja tu akiwa kazini. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza, na mshiriki alikuwa binti wa chuo cha ushonaji. Alikosea hesabu, akaambiwa umekosea, anza upya. Akakosea tena, akaambiwa tena. Mara ya tatu alimtazama mtahini kwa jicho la fundi, akasema, "Na wewe umekosea vifungo. Anza upya." Mzee Ndita, ambaye siku hizo alikuwa kijana tu mwenye ndita, alijiangalia akakuta upande mmoja wa koti umening'inia chini ya mwingine. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Wenzake wawili nao wakashindwa kujizuia. Kwa mujibu wa taratibu, matokeo ya binti yule yalifutwa. Taratibu za wakati ule, hata hivyo, hazikusema lolote kuhusu mtahini kupeleka koti lake likashonwe kifungo na mshiriki. Siku hizi zinasema, na kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili yake. Mwaka uliofuata tulikula pilau ya harusi yao.

Mafanikio yake makubwa kitaaluma yalikuja wakati washiriki wa mwanzo walipoitwa tena, baada ya miaka ishirini. Walikuwa wamesahau maneno tuliyowakaririsha. Walimsahau profesa, jambo lililomsikitisha profesa, na walinisahau mimi na pamba zangu. Lakini walipowekewa picha za wanaume kumi na wawili, karibu wote walimnyooshea kidole Mzee Ndita, wengine wakaomba maji. Hata wale ambao akili zilikuwa zimeanza kuwatoka, wanaowaita wajukuu kwa majina ya wadogo zao, hawakumkosa. Ubongo uliotishwa hukishika kile kilichoutisha na kuyaachia mengine: ndivyo profesa alivyoandika, kwa kurasa arobaini. Picha ya Mzee Ndita ilichapishwa humo ikiwa imezibwa macho kwa utepe mweusi ili asitambulike, akaonekana kama mtu anayetafutwa kwa wizi wa kutumia nguvu. Profesa alizunguka nayo nchi saba. Mwenye sura alibaki hapa akinuna. Mkewe aliikata picha ile akaibandika jikoni, akidai panya wamepungua.

Miaka minne iliyopita mke huyo alishona gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Alicheka, akafumua, akashona tena, na yote miwili ikawa ya kushoto. Hapo Mzee Ndita akaacha kucheka naye. Alimleta hapa kwetu ili apokewe katika utafiti. Tukamjibu kwa masikitiko kwamba jamaa za watumishi hawaruhusiwi, na kwamba kwa kuwa matokeo yake ya zamani yalifutwa, kwa karatasi zetu mama huyu hakuwahi kukanyaga jengo hili. Hospitalini walimwambia kile ambacho sisi tungemwambia: kilichokwenda hakirudishwi kwa dawa. Tulimpa kijitabu chetu cha ushauri kwa familia, chenye jalada la kijani. Kinasema tabasamu, zungumza kwa upole, usimsahihishe mgonjwa.

Alikifuata neno kwa neno, na kadiri alivyotabasamu ndivyo alivyozidi kuwa mgeni nyumbani kwake. Mkewe ni mtu wa adabu, alimpokea vizuri kila siku, akanywa chai aliyomtengenezea, kisha jioni ikiingia alimwuliza, "Kaka, asante kwa chai, lakini kwako hawakungoji?" Mzee Ndita hakubishana. Alichukua kikombe chake, akatoka, akaizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni. Binti yao ndiye aliyenisimulia haya. Alilia akinisimulia, nami nililia, na sioni haya kuliandika hilo kwenye jarida la ofisi.

Mwaka jana, katikati ya mtihani, binti alipiga simu kwamba mama amejifungia chumbani, hataki kula, anamtaka mume wake. Mzee Ndita aliinuka, akamwacha mshiriki kwenye mia tisa na kitu, akaondoka na koti mwilini. Hakuwahi kufanya hivyo. Koti lile na ule uso wa kazi aliviacha kabatini kila jioni kwa miaka yote, kwa kuwa hakutaka viingie nyumbani. Siku hiyo viliingia vyote viwili, uso ukiwa umekunjamana kwa hofu na koti likiwa limefungwa kwa haraka ndani ya teksi. Aligonga, mlango ukafunguka kidogo, mkewe akamtazama kuanzia nditani mpaka tumboni.

"Umekosea vifungo," alisema. "Anza upya."

Akavifungua, akavifunga tena. Mkewe akamwuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Akamlalamikia kwamba kuna kaka mmoja anakuja kila siku na chai, mpole, lakini anachekacheka ovyo na haeleweki anataka nini. Kisha akala, wakakaa pamoja mpaka jua likatua. Kesho yake Mzee Ndita alikuwa kaka tena, na kesho kutwa akalivaa koti.

Haifanyi kazi kila siku. Siku nyingine mama humwona daktari tu na kumwonyesha goti linalouma. Siku ikikubali, ana mume kwa saa moja au mbili, na anamsema kama zamani. Profesa alipopata habari aliomba kwenda na kamera. Alijibiwa yale maneno matatu mnayoyajua.

Basi ndiyo maana Mzee Ndita anastaafu kwenda kufanya kazi ileile, bila mshahara wala likizo. Kamati ya sherehe ilikuwa imekwisha kuchagua saa ya ukutani, kama kawaida yake tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza. Yeye akaomba koti. Ikabainika kwamba koti ni mali ya taasisi na mali ya taasisi haitolewi zawadi, ila ikiwa imechakaa. Mtunza stoo, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba kitu chochote kimechakaa, hata ufagio usio na nyuzi, alilitazama koti zima kabisa akaandika kwamba halifai kwa matumizi. Alilifua mwenyewe. Alitaka pia kukaza vifungo viwili vilivyolegea na kuvipanga sawasawa, tukamzuia.

Maombi machache kwa mtakaohudhuria ukumbini. Mke wa Mzee Ndita ataketi mstari wa mbele, kando ya binti yake. Mstaafu akiitwa jukwaani atalivaa koti lake, atalifunga vibaya, atageukia mstari huo na kununa. Mpiga picha ameelezwa, asimwombe atabasamu. Nawasihi msicheke mapema na msipige makofi. Neno la kwanza mwachieni mama. Asiposema kitu, kama inavyotokea, pigeni makofi hapo, kwa nguvu, ili mzee apate nafasi ya kushuka.

Mzee Ndita, umewatisha watu wengi kwa ajili ya elimu na ukawalisha biskuti kwa siri. Elimu haikukurudishia ulichokihitaji zaidi. Ulichonacho umekipata kwa fundi mmoja aliyekuona vizuri siku ya kwanza. Asante kwa yote. Wastaafu wengine huwa tunawaombea maisha ya tabasamu, wewe hatukuombei hayo. Tunakutakia maisha mema, ukosee vifungo kila asubuhi, na awepo wa kukuambia uanze upya.