Mguu wa Kulia wa Viola Nasambu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Cheptoo. Wasimamizi wa hospitali. Madaktari na wauguzi wetu. Ndugu na majirani mliotuletea uji asubuhi hii: hamjambo nyote.

KARIBU KWETU

Karibu sana, Mheshimiwa. Utuwie radhi kwamba hatukusimama ulipoingia. Si kiburi, wala si kwamba hatukufunzwa adabu nyumbani. Wengine wetu tumetoka kwenye mashine sasa hivi, na wengine miguu yetu haitii tena. Tulikupigia makofi tukiwa tumeketi, na yametoka moyoni.

Tunakushukuru kwa mashine mpya za kusafisha damu unazozifungua leo. Pamoja na shukrani hizo tuna jambo la mwenzetu mmoja, Viola Nasambu, yule mama wa kitambaa cha kijani. Ametupa ruhusa ya kulitaja jina lake. Alisema tu, "Msinililie mbele ya wageni, bana. Someni vizuri." Tutajitahidi.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye viti vya kusafishiwa damu. Baadhi yetu tunatoka upande wa Kitale, wengine Malakisi, Matulo na Chwele. Figo zilipotukataa tukajikuta tumeketi bega kwa bega kila wiki, mipira ya damu mkononi, tukijuana hadi majina ya ng'ombe wa kila mmoja.

Mgonjwa mpya akija, sisi wakongwe humwambia neno moja: tulia. Ukijitingisha mashine inalia, sista anakuja mbio, na roho yako inaruka. Basi tukawa tunatulia mwili mzima, mpaka vidole vya miguu. Kila mtu alichomeka blanketi chini ya visigino vyake, akaketi hivyo hadi damu irudi yote. Hatukujua kwamba ni mkono tu unaotakiwa kutulia, na kwamba miguu ina ruhusa ya kucheza.

Mwenzetu Kibiwott, aliyewahi kutibiwa mbali na hapa, alituambia kwamba kule kulikuwa na daktari wa viungo aliyepita kiti kwa kiti akiwakunja wagonjwa miguu. Tulimcheka sana. Tukamwambia, "Ati daktari mzima anakuja kukukunja vidole? Hizo ni hadithi zenu watu wa Kitale."

MAFANIKIO

Tunayo ya kujivunia. Tazama mashati haya tuliyovaa, Mheshimiwa. Mkono mmoja unafunguka kwa vifungo hadi begani, ili sista afikie mshipa bila mgonjwa kuvua nguo na kutetemeka kwa baridi. Viola ndiye aliyeyabuni na kuyashona yote, kwa cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, pale sokoni Chwele. Hakuna aliyemtuma. Alichoka tu kuwaona wazee wa watu wamekaa vifua wazi.

Tena tumejifunza kucheka. Viola anapokuwa kwenye kiti chake hakuna anayelala.

CHANGAMOTO

Cherehani ya Viola ilianza kuwa nzito. Ndivyo alivyoona yeye. Alikuwa akikanyaga, gurudumu linasita, uzi unakatika. Akaipaka mafuta. Bado nzito. Akabadilisha mkanda, akatoa vumbi lote la ndani, akaanza hata kuisema vibaya mbele ya wateja. Mwisho akamwita Wangila, fundi wa cherehani.

Wangila alizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka. Akavuta kiti, akakanyaga mwenyewe, mashine ikakimbia vizuri kabisa.

"Mama, hii mashine haina shida," akasema.

"Haina shida kwako. Wewe ni kijana, una nguvu."

"Si nguvu, mama. Tazama, mimi nakanyaga na wayo tu. Wewe unainua goti lote."

Viola alimfukuza kwa maneno matamu, akampa ndizi aende nazo. Hakuelewa alichoambiwa, na sisi tungekuwa yeye tusingeelewa pia. Mtu ana figo zilizokufa, ana sukari, ana nauli ya kutafuta. Atakumbuka saa ngapi kuuliza kama kifundo cha mguu bado kinakunjika? Kilikuwa kimekauka polepole bila maumivu yoyote, na mtu halii asipoumia. Yeye aliendelea kuinua goti na kusukuma na paja, uzito wote ukishukia mahali pamoja, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Kisha akaona wekundu kwenye chuma cha kukanyagia. Akasema ni kutu. Maskini Viola! Alichukua kitambaa na mafuta, akasugua, akarudi kushona. Kesho yake kutu imerudi. Akasugua tena. Dada yake Peris ndiye aliyeinama kuokota kifungo, akaona kwamba ile kutu ilikuwa mbichi. Akamshika mguu, akaugeuza. Kulikuwa na kidonda kinachoweza kuingia ncha ya kidole, na mwenyewe alikuwa hajasikia hata kuwashwa.

Tulimwombea. Madaktari walipambana, hatuwalaumu. Kidonda kikapanda, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Ni baada ya hapo ndipo daktari alipotueleza kwamba ugonjwa wetu, hasa pamoja na sukari, hukausha viungo vya miguu na kuua hisia zake, kwamba unyayo usiokunjika hubanwa ukapasuka, na kwamba kuunyoosha na kuukagua mapema husaidia. Kibiwott hakutukumbusha kicheko chetu, na hilo lilituuma zaidi.

Aliporudi kwenye kiti chake, Viola alitazama blanketi mahali lilipolala bapa, akasema, "Sasa nitahitaji soksi nusu." Tulicheka kwa sababu yeye alitaka tucheke. Sista akageukia ukutani.

Anashona hata leo, kwa mguu wa kulia peke yake. Nao umeanza kukauka.

MAOMBI

Mheshimiwa, tunaomba daktari wa viungo awe anapita kwenye viti vyetu. Hatuombi jengo. Tunaomba mtu mwenye mikono iliyofunzwa, aikunje miguu yetu wakati damu inasafishwa, atazame nyayo zetu sisi tusioweza kuinama, na atufunze tufanye nini nyumbani.

Wasamaria wema wamejitolea kumpa Viola cherehani ya stima. Aliwashukuru, kisha akawauliza, "Nikishapata hiyo, mguu nao mtauacha uende?"

Kwa sasa tunafanya wenyewe. Kabla ya kuunganishwa, Kibiwott huvuta kiti karibu na Viola, huuweka ule mguu mapajani mwake na kuukunja jinsi anavyokumbuka kukunjwa. Juu, chini, pembeni. Yeye ni mkulima wa mahindi. Hajui kama anautibu au anauharibu, na kila mara humwuliza Viola kama anaumia. Viola husema haumii. Hilo ndilo linalotutia hofu.

Juzi mguu ulikataa kurudi juu. Kibiwott alijaribu, akaacha, akajaribu tena, kisha akabaki ameushika tu. Viola alimwambia, "Usiuweke chini bado." Naye akabaki ameushika mpaka sista alipokuja kumwunganisha Viola na mashine.

Tafadhali, Mheshimiwa, huyo daktari wa viungo aje upesi.

Mungu akujalie afya, akupe mwili unaokutii na watu wa kukushika usipokutii. Wauguzi wetu awabariki mikono.

Ni sisi,
Kikundi cha Wagonjwa wa Figo cha Bega kwa Bega, Kitale na Bungoma.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Job Wekoye, katibu.