Fundi Waya na Duara la Ofisi ya Ardhi

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Waya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza kupiga plasta kwa mjomba wake.

Mwaka 1983 alipewa kazi ya kupamba ukuta wa mbele wa Ofisi ya Ardhi: duara moja, mraba mmoja, mstari mmoja. Basi. Alichonga mifereji ya kina cha kidole, ndipo akatia rangi nyeusi. Karani mmoja akacheka, "Hii hata mwanangu wa chekechea anachora!" Marehemu akampa msumari, kamba na chaki, achore pale uani. Karani akazunguka weee, duara likakataa kufunga, ncha zake zimepishana kwa upana wa kiganja. "Kamba inavutika, bwana," marehemu akamwambia. "Duara kubwa linataka waya." Jina likamganda hapo.

Alimwoa mama yetu tarehe 6 Agosti 1985. Kila Jumamosi walibeba ndoo wakaenda kuuosha ukuta ule, bila kuagizwa na mtu.

Sasa tuseme ukweli, maana yeye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Ofisi ile ilimtia kinyaa, na sisi pia. Walitoboa mraba wakapachika kiyoyozi, kikawa kinachuruzisha maji ya kutu. Juu ya mstari wakatundika picha ya mkurugenzi akichekelea. Januari 2023 wakapaka ukuta wote rangi ya maziwa, wakarudia mara nne, bila hata kumpigia simu. "Wamenitapikia," alisema, akasusa chakula.

Vumbi la saruji lilikuwa limeshamla mapafu. Alilazwa tarehe 2 Mei. Mama alipitia pale saa kumi jioni, jua likipiga ukuta kwa ubavu, akaenda mbio hospitali kumwambia: mifereji inaonekana, rangi haikuiziba.

"Duara limefunga?" akauliza.

"Limefunga, baba watoto."

Alifariki tarehe 19 Mei, saa tatu asubuhi. Ofisi hiyo imeomba nafasi ya kumsifu leo. Familia imekataa. Wanafiki wakubwa.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Tukishamzika tutapitia pale ukutani, tufike saa kumi. Lala salama, Fundi. Limefunga.